Sikio kuziba si lazima iwe nta

Juni na Julai, baridi ikikaza Mbeya na Iringa, mafua hutembea nyumba kwa nyumba, na kila mwenye sikio zito huambiwa ana nta. Anamiminiwa mafuta ya moto, anachokonolewa kwa kijiti cha pamba, na sikio linabaki vilevile.

Nta hukaa njia ya nje, mbele ya kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayotetemeka kwa sauti. Lakini kwenye mafua, kinachoziba mara nyingi ni mrija wa Eustachi. Mrija huo, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16, uko nyuma ya kiwambo. Unatoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, kama sentimita 3.5 kwa mtu mzima. Muda mwingi umefunga. Ukimeza mate au kupiga mwayo hufunguka, hewa ikapita. Kiwambo kikiwa kizima, dawa ya matone ya sikio haiufikii kabisa.

Basi likiteremka mlima Kitonga, au likitoka Uyole kushuka Tukuyu hadi Kyela, masikio hubana kuliko wakati wa kupanda. Ukipanda, hewa ya ndani hutanuka na kujitoa yenyewe. Ukishuka, hewa ya nje huzidi nguvu, kiwambo huvutwa ndani, na mrija haufunguki mpaka misuli iuvute. Kwa hiyo anza kumeza mate mapema, mteremko unapoanza. Aliyelala mwamshe, mtoto mchanga mnyonyeshe. Kupuliza huku umebana pua na kufunga mdomo kunasaidia, ila taratibu. Ukilazimisha unaweza kuumiza sikio.

Hali ikidumu wiki kadhaa, kinachotibiwa mara nyingi ni pua. Mwenye mzio hupewa steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ya kupuliza puani, kama mometasoni au flutikasoni, kila siku kwa wiki kadhaa. Wengi huipuliza vibaya: inamisha kichwa kidogo mbele, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza nje usigonge ukuta wa katikati, wala usivute kwa nguvu. Ukiisikia ladha kooni, imepitiliza. Matone ya zailometazolini ya kuzibua pua yasizidi siku 7, maana baada ya hapo pua huvimba upya kila ukiyaacha. Majimaji yakikaa nyuma ya kiwambo miezi 3 na usikivu ukapungua, daktari wa pua, koo na masikio anaweza kupachika kijimrija kwenye kiwambo. Kwa kawaida hutoka chenyewe baada ya miezi 6 hadi 12.

Kuna na wale ambao mrija wao haufungi. Husikia sauti yao na pumzi zao zikivuma sikioni, na hupata nafuu wakilala. Hawa dawa za kuzibua pua huwazidishia.

Mtu mzima mwenye sikio moja tu lisiloachia achunguzwe nyuma ya pua, kwani uvimbe unaweza kuwa umejificha huko. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mengine yote, kabla ya kununua chochote, omba uchunguliwe kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio. Njia ikiwa safi na kiwambo kimevutwa ndani, hapo hakuna cha kusafisha.