Kabla ya kulipa ada ya kozi ya mionzi

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, sisi tunaoshughulika na usajili wa wanataaluma wa radiolojia, yaani wataalamu wa picha na tiba za mionzi, hupokea swali lilelile kutoka kwa wazazi: je, kozi ya mionzi ina ajira? Ajira ipo, ila anayeuliza hivyo huwa ameanza na swali la tatu. La kwanza ni chuo gani kina ithibati ya kufundisha programu hiyo, na la pili ni kama mhitimu wake atasajiliwa. Malalamiko mengi yanayotufikia hutokana na kuruka maswali hayo mawili. Mlalamikaji huja na bahasha yenye cheti kilichokwisha kupigwa laminesheni, na baada ya dakika chache za kupitia kumbukumbu hubainika kuwa chuo ni halali kabisa, lakini programu ya radiografia, yaani upigaji wa picha za mionzi, haikuwa na kibali katika mwaka aliodahiliwa. Ada ya miaka mitatu imekwisha kulipwa.

Kwa Tanzania Bara, stashahada ya radiografia huchukua miaka mitatu na huhitaji ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Orodha ya vyuo na programu zenye ithibati hutolewa na NACTVET, chombo cha serikali kinachosimamia elimu ya ufundi, na si kazi ngumu kuifungua na kuisoma. Shahada hufundishwa katika vyuo vikuu vichache, vikiwamo Muhimbili na kile cha Bugando kilichopo Mwanza. Naongeza hapa jambo ambalo vyuo hulisema kwa sauti ya chini: mwanafunzi aliyepita Fizikia kwa kubahatisha atapata tabu, kwa kuwa nusu ya taaluma hii ni fizikia na nusu nyingine ni anatomia.

Kuhitimu si kusajiliwa. Sheria ya mwaka 2007 inayowasimamia wataalamu wa radiolojia iliunda Baraza lenye mamlaka ya kumwingiza mtu kwenye daftari la wataalamu, kumpa leseni na kumwondoa. Mwombaji huwasilisha vyeti vyake halisi vya kidato cha nne na vya chuo, matokeo ya kila mwaka wa masomo, cheti cha kuzaliwa na picha, na kwa wanaotakiwa kufanya utarajali (mazoezi ya kazi baada ya masomo), uthibitisho kwamba wameukamilisha. Majina katika nyaraka zote yafanane. Aliyeandikwa majina mawili kwenye cheti cha sekondari na matatu kwenye cheti cha chuo alete kiapo cha mahakama mapema, asisubiri mpaka tangazo la ajira limetoka na zimebaki siku tatu. Leseni huhuishwa, na anayeacha kuihuisha kwa kuwa “bado hajapata kazi” hukuta siku ya usaili kwamba si mwanataaluma aliye hai kwenye daftari, na mwajiri wa serikali hatamtazama mara mbili.

Lipo kosa jingine linalorudiwa na wamiliki wa vituo binafsi, nalo ni kudhani kwamba leseni ya mashine inamhalalisha mtu anayeitumia. Hivi ni vitu viwili tofauti. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya Sheria ya mwaka 2003, hutoa leseni ya chanzo cha mionzi na hukagua chumba, kuta, mlango na mashine yenyewe. Baraza hutoa leseni ya mtaalamu. Mashine yenye leseni inayoendeshwa na kijana “aliyeelekezwa” na mtangulizi wake ni kosa, na kijana huyo anaweza kufikishwa mahakamani pamoja na aliyemweka pale. Kwa aliyesajiliwa, Baraza laweza kutoa onyo, kusimamisha leseni kwa muda au kumfuta kabisa kwenye daftari. Kwa mashine, Tume huweza kuizuia isitumike hadi upungufu urekebishwe. Kauli kwamba mmiliki hakujua haimwokoi, kwa sababu kujua ni sehemu ya masharti ya leseni aliyoisaini mwenyewe.

Wapo wanaosema kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe. Na watazame picha moja tu ya kifua, ile ya kawaida kuliko zote. Mgonjwa husimama akiwa ameegemeza kifua kwenye ubao wa kupokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni na mabega yamesukumwa mbele ili mifupa ya mabega isifunike mapafu. Huagizwa avute pumzi ndani na kuizuia. Akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, huulizwa kwanza kuhusu siku zake za mwezi, kwa faragha na kwa staha. Alama ya kulia au kushoto huwekwa kabla ya kupiga, wala si baada, kwa kuwa moyo uliokaa upande usio wa kawaida upo kweli kwa baadhi ya watu, na picha isiyo na alama humwacha daktari akibahatisha. Kitufe hubonyezwa mwishoni, kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa kuhusu ajira. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa, nayo huajiri kwa kibali na kwa kufuata ikama, yaani idadi ya nafasi zilizopangwa, si kwa wingi wa wahitimu wanaosubiri. Katika mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 kukabiliana na UVIKO-19, sehemu ilinunua siti skani (mashine za eksirei zinazopiga picha za mwili kwa vipande) na mashine za eksirei kwa hospitali za umma, na kwa hiyo huduma ambayo mgonjwa alikuwa akiifuata Dar es Salaam au Moshi imesogea hadi hospitali za rufaa za mikoa. Mashine hizo zinahitaji watu wa zamu ya usiku na wa sikukuu, hivyo mahitaji ni ya kweli. Hata hivyo, uhitaji hauna maana kwamba tangazo la ajira litatoka mwezi ujao. Anayekataa kupangiwa halmashauri ya pembezoni, akisubiri nafasi Dar es Salaam, asiseme kwamba kazi hakuna.

Njia za kupanda zipo zaidi ya chumba cha eksirei. Teknolojia ya tiba kwa mionzi ina nafasi yake Taasisi ya Saratani Ocean Road na Bugando, na mtaalamu huko hufanya kazi bega kwa bega na mwanafizikia tiba, anayehakiki kipimo cha mionzi anachopewa mgonjwa. Maabara ya uchunguzi wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inahitaji ujuzi wa picha zinazotembea. Kuna MRI (picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku), mamografia (picha za matiti), tiba ya nyuklia, kufundisha, na usimamizi wa usalama wa mionzi. Kwa upande wa utrasaundi naomba nieleweke vizuri: cheti cha wiki chache kinaweza kumwongezea maarifa mtu aliye na taaluma ya afya, lakini hakimfanyi mtu wa kawaida kuwa sonografa, yaani mtaalamu wa utrasaundi, hata kama mwenye duka la vipimo amekwisha mwahidi kiti.

Vijana huuliza pia kama kompyuta zitawanyang'anya kazi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 matumizi ya programu za kompyuta za kusoma picha za kifua katika kuwabaini wenye dalili za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu hiyo husoma picha iliyopigwa na mtu, na picha iliyopigwa vibaya itasomwa vibaya.

La mwisho ni hofu ya mionzi yenyewe. Maziwa hayaondoi mionzi mwilini. Hili limesemwa mara nyingi, na bado naulizwa. Utrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hiyo kabisa. Kwa mfanyakazi, kikomo ni wastani wa milisivati 20 (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka katika miaka mitano, bila kupita 50 katika mwaka wowote mmoja, na kinachothibitisha kwamba hujavuka ni beji ya kupimia mionzi unayoivaa kifuani. Nimewahi kuingia chumba cha mionzi nikakuta beji tatu zimetundikwa kwenye msumari pembeni ya aproni za madini ya risasi zinazozuia mionzi, wenyewe wakiwa kazini. Beji iliyo ukutani hupima ukuta. Ivaliwe, ipelekwe kusomwa kwa wakati, na siku ya kuhama kituo, omba nakala ya kumbukumbu zako zote za vipimo kwa maandishi uziweke pamoja na leseni. Mwajiri mpya ana haki ya kuziulizia, na wanaotafuta kazi nje ya nchi wataombwa pia barua ya Baraza inayothibitisha mwenendo wao, ambayo hutolewa tu kwa aliye hai kwenye daftari.