Je, wajua kwa nini mbwa wa Kongo yuko mkiani mwa orodha ya mbwa wanaofundishika?

Jirani yangu hapa Himbi, Goma, alitaka kuwanunulia watoto mbwa, akaniuliza: ni aina gani inayoshika michezo upesi? Yaani kukaa ukiiambia kaa, kutoa mguu, kubingirika, kuleta mpira. Nikamjibu kama mtaalamu: «Muzee, ni berje aleman (German Shepherd) tu. Hizi za kienyeji hazina kitu kichwani.» Nusu ya kwanza ya jibu hilo haikuwa mbaya sana. Ya pili imenigharimu wiki kadhaa za kusoma.

Kwanza jibu lenyewe, kwa wenye haraka. Mwaka 1994 Stanley Coren, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, alichapisha orodha aliyoipata kwa kuwauliza waamuzi karibu 200 wa mashindano ya utii wa mbwa Amerika ya Kaskazini. Anayeongoza ni Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Nyuma yake wapo Poodle, berje aleman, Golden Retriever na Doberman. Hao, kwa maelezo ya Coren, huelewa amri mpya kabla haijarudiwa mara 5, na hutii kwa neno la kwanza mara 95 katika 100. Walio mkiani huhitaji kurudiwa mara 80, 100 na zaidi, na hata wakishaelewa hutii robo ya amri, pengine chini ya hapo.

Orodha ina nafasi 79. Ya mwisho ni ya Afghan Hound. Ya 78 ni ya Basenji, na Basenji ni wa kwetu: mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, masikio wima, mkia umejikunja juu ya kiuno kama konokono. Habweki kama mbwa wengine; hutoa mlio kama wa mtu anayelazimisha kuimba akiwa na mafua. Hata jina, inasemekana, ni neno letu lile lile la kumtukana mtu wa porini. Waingereza walianza kumzalisha kwao miaka ya 1930 na jina wakalibeba lilivyo. Mbwa wa Kongo, jina la ushenzi, wa pili kutoka mwisho. Nilipoisoma nafasi hiyo nilijiona nimeshinda kesi.

Kumbe sikuwa nimesoma swali waliloulizwa waamuzi. Waliulizwa kuhusu utii na kazi kwa amri. Coren mwenyewe aligawa akili ya mbwa mafungu matatu: ile anayozaliwa nayo kwa kazi ya aina yake, ile ya kujitatulia matatizo, na ile ya kufuata maagizo ya mtu. Orodha inapanga hili la tatu peke yake. Na kabla yake, John Paul Scott na John Fuller walikuwa wamelea na kupima aina tano za mbwa kwa miaka mingi huko Maine, Marekani, Basenji akiwemo. Walipochapisha matokeo mwaka 1965, hakukuwa na aina iliyoshinda kila mtihani. Aliyeongoza kwenye huu aliachwa kwenye ule, kutegemea kazi yenyewe na kinachomsukuma mbwa kuifanya.

Ushahidi mwingine uko barabara ya Rutshuru. Pale Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga, tangu 2011 wamefundishwa mbwa wa kufuata harufu ya majangili. Aina waliyoanza nayo ni Bloodhound, ambaye Wabelgiji humwita Saint-Hubert. Nafasi yake kwa Coren? Ya 74.

Huku kwetu tuna neno zuri kuliko «mjinga», nalo ni «kichwa nguvu». Kichwa nguvu si kichwa tupu. Tofauti iko machoni: mbwa anamwangalia nani akiwa kazini?

Chukua msaidizi wa fundi mwashi. Jicho lake haliondoki kwenye mkono wa fundi. Mkono ukinyooka, jiwe lipo, ukigeuka, matope yapo. Akiamua mwenyewe pa kuweka jiwe, amefukuzwa. Sasa chukua kijana anayeshusha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba, amejaza kabichi. Kwenye kona hawezi kugeuka kumuuliza mwenye mzigo apinde wapi. Akigeuka, kabichi ziko mtaroni na yeye yuko chini yake. Mmoja hulipwa kwa kuangalia mtu, mwingine kwa kuangalia barabara, na ukiwapa wote wawili mtihani wa kutii ishara ya mkono, unajua nani atashinda.

Border Collie ni huyo msaidizi. Wachungaji, vizazi kwa vizazi, walibaki na wale waliogeuza kichwa filimbi ilipolia. Mbwa wa msituni alifugwa kwa sababu nyingine. Wawindaji wa Kongo humfunga kengele ya mbao shingoni, kwa kuwa habweki, kisha humwachia awafukuze wanyama kuelekea kwenye wavu. Hebu itazame kengele ile: kazi yake ni kumwezesha mtu kumfuata mbwa.

Hata hivyo aina ya mbwa haisemi kila kitu. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta aina inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utii ulikuwa miongoni mwa tabia zilizofungamana zaidi na aina, lakini hata hapo huwezi kumtabiria mbwa mmoja aliye mbele yako.

Wa kwangu ni wa kienyeji, ukoo wake anaujua mwenyewe. Nilimfundisha kukaa kwa sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu: unaishika juu ya pua, unairudisha nyuma polepole, kichwa kinapanda, matako yanashuka yenyewe. Yakigusa chini, sambaza iingie mdomoni papo hapo. Ukichelewa kidogo ameshasimama, na umemlipa kwa kusimama. Ilituchukua siku tisa. Neno «kaa» silidhani analisikia hata leo, ila kila mama anayepita na beseni ya sambaza humkuta amekaa langoni, mgongo wima, bila kuamriwa na mtu.