SPF ya kwenye chupa hupimwa kwenye ngozi ya nani?

Juni 2025 shirika la kutetea walaji la Australia, CHOICE, lilitangaza matokeo ya kupima losheni 20 za kukinga jua. Losheni 16 hazikufikia SPF, yaani namba ya kinga dhidi ya jua, iliyoandikwa kwenye chupa, na moja iliyojiita 50+ ilipata 4. Kampuni zikaja juu na vyeti vyao vya maabara. Sisi tunaopima mionzi kwa kazi hatukushtuka sana. SPF ni namba ngumu kuipata, na ugumu wake unaanzia kwenye jua lenyewe.

Adhuhuri ya jua kali, mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000. Piranomita, kifaa cha kupima nguvu ya jua, hupima zote kwa pamoja, na hizo ndizo zinazokutoa jasho. Zinazobabua ngozi ni chembe tu. Mionzi ya urujuanimno (UV) ni kama asilimia 5 ya jua linalofika ardhini, na hata yenyewe haina nguvu sawa. Katika mizani ya wekundu wa ngozi, iliyopendekezwa na watafiti McKinlay na Diffey mwaka 1987, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 298 hupewa uzito kamili wa 1. Ukifika nanomita 328, uzito umeporomoka hadi karibu 0.0015. Kila urefu wa wimbi huzidishwa kwa uzito wake, kisha vyote vikajumlishwa. Jumla hiyo, kwa wati, ukiizidisha kwa 40 unapata fahirisi ya UV, namba inayoonyesha ukali wa jua kwa ngozi. Fahirisi ya 12, ambayo si ajabu karibu na ikweta anga likiwa safi, ni wati 0.3 kwa mita ya mraba. Wati 0.3 katika 1,000! Hakuna ngozi inayoweza kuihisi.

Ndiyo maana Nairobi ya Julai hudanganya. Watu wamevaa majaketi, wingu likipasuka saa saba mchana fahirisi inaweza kupita 8, nao hawana habari. Ozoni, tabaka la angani linalochuja urujuanimno, katika ukanda wa tropiki ni nyembamba kuliko ya nchi za kaskazini, na kila ukipanda mita 1,000 urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi.

Turudi kwenye chupa. SPF ni uwiano: kiasi cha mionzi kinachotia wekundu ngozi iliyopakwa, ukigawanya kwa kiasi kinachotosha ngozi tupu. Kwa utaratibu wa ISO 24444, wa shirika la viwango la kimataifa (ISO), watu wasiopungua 10 hupakwa mgongoni miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita ya mraba, humulikwa kwa taa inayoiga jua, na baada ya saa 16 hadi 24 mtaalamu huwatazama kwa macho kuona ni vidoa vipi vimekuwa vyekundu. Huchaguliwa watu weupe, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Kwa hiyo namba unayoisoma dukani Kariakoo ilitokana na mgongo wa mtu mweupe aliyebabuliwa kwa makusudi, ikasomwa kwa jicho la mtu mwingine. Maabara mbili kupishana ni jambo la kutarajiwa. Kutoka 50 hadi 4, hapana; hapo kuna jambo jingine.

Mwaka 2024 ISO ilitoa njia mbili mpya. Ya kwanza, ISO 23675, haimgusi mtu: roboti hupaka losheni kwenye vibao vya plastiki vya aina mbili, na spektrofotomita hupima mwanga unaopenya kabla na baada ya kumulikwa. Ya pili, ISO 23698, bado hutumia ngozi ya mtu, lakini kwa mwanga hafifu usiobabua; hupimwa mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, na matokeo huunganishwa na vipimo vya vibao.

Kwangu mimi, ya vibao ndiyo itakayotufaa zaidi. Pale Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao saratani ya ngozi ni tishio la kila siku. Mtengenezaji wa namna hiyo anahitaji kupima tena na tena, kila malighafi ikibadilika, bila kutafuta migongo kumi kila mara.

Hata hivyo, kipimo kizuri hakisaidii losheni ikipakwa kidogo. Miligramu 2 kwa sentimita ya mraba maana yake mtu mzima anahitaji gramu 30 na ushei kwa mwili mzima. Chupa ya mililita 50 haifiki mara mbili. Wengi hupaka nusu ya hapo au chini. Watafiti hubishana kinga hushuka kwa kasi gani, ila hakuna anayesema inabaki ileile. Ndiyo sababu siku zote naweka shati la mikono mirefu na kofia pana mbele ya chupa.

Kwa sisi weusi kuna jambo ambalo SPF hailigusi kabisa: mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa wa buluu, nao huchochea weusi wa ngozi na kuzidisha melasma, yale mabaka ya usoni. Losheni nyingi zisizo na rangi huupitisha. Zinazouzuia vizuri zaidi ni zile zenye rangi, zilizotiwa oksidi za chuma, kwa hiyo mwenye mabaka asome orodha ya viambato kabla ya kutazama ile namba kubwa ya mbele.