Mtakatifu Bonifasi si shoka tu: yanayosemwa na yaliyokuwa

Jina la Bonifasi limeenea sana kwetu, na kwa kuwa anaitwa Mtume wa Wajerumani, wengi hudhani alikuwa Mjerumani. Alikuwa Mwingereza aitwaye Wynfrith, mmonaki wa monasteri ya Nursling huko Uingereza. Jina la Bonifasi alipewa na Papa Gregori II huko Roma mwaka 719.

Halafu kuna hadithi inayopendwa kuliko zote: ati aliukata mwaloni wa mungu wa radi kule Geismar, Ujerumani, na papo hapo ukapatikana mti wa kwanza wa Krismasi. Mwaloni aliukata kweli, yapata mwaka 723. Padri Willibald, aliyeandika maisha yake muda si mrefu baada ya kifo chake, anasema mbao zake zilijengea kikanisa cha Mtakatifu Petro. Mti wa Krismasi haumo. Umebandikwa karne nyingi baadaye.

Kinachonisikitisha ni kwamba shoka hilo limeifunika kazi yenyewe. Husemwa aliwakuta Wajerumani wote wapagani. Sivyo: katika maeneo ya Bavaria na Thuringia Ukristo ulikuwa umeshafika, ila haukuwa na mpangilio. Mwaka 739 aliigawa Bavaria katika majimbo manne ya Kanisa: Salzburg, Regensburg, Freising na Passau. Alikuwa mkali mno wa taratibu. Padri mmoja alipobatiza kwa Kilatini kilichovurugika, Bonifasi aliagiza watu wabatizwe upya. Papa Zakaria akamzuia, akisema padri yule alikosea lugha tu, imani yake haikuwa na kasoro.

Wala hakutegemea ujasiri wake peke yake. Alimwandikia waziwazi Askofu Daniel wa Winchester kwamba bila ulinzi wa mtawala wa Wafaranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya eneo hilo, asingeweza kuwaongoza waumini wala kukomesha ibada za sanamu.

Kuhusu kifo chake, watu hufikiri ni kisasi cha mwaloni. Aliuawa mbali na Geismar, huko Frisia karibu na Dokkum (leo Uholanzi), tarehe 5 Juni 754, akiwasubiri waliobatizwa karibuni ili awape Kipaimara. Willibald anaeleza kwamba wauaji walivunja masanduku wakitafuta dhahabu, wakakuta vitabu, wakavitupa mashambani na kwenye vinamasi.

Na hakuzikwa Mainz alikokuwa askofu. Kaburi lake liko Fulda, kwenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 744 na mwanafunzi wake Sturm, kama mwenyewe alivyotaka.