Mitaa haijiungi yenyewe mji ukijaa

Imetokea tena. Mchoro wa mtaa mpya uko mezani, njia zake karibu zote zinaishia ukutani, nauliza watu watapitia wapi, na najibiwa kwa upole kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kazi hii: “Mji ukijaa, hizo njia zitafunguka.” Nimelisikia jibu hilo kwa wahandisi, kwa wauza viwanja, hata kwa wanaofundisha somo lenyewe. Naliandikia mara moja ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Hazifunguki. Nyumba hubomolewa na kujengwa upya, maduka huja na kuondoka, lakini mstari wa barabara hubaki pale pale. Moto wa 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya London ya kale, na siku chache baadaye msanifu majengo Christopher Wren alikuwa ameshampelekea mfalme mchoro wa mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Mji ukajengwa, ila kwa sehemu kubwa juu ya njia zile zile za zamani, maana ardhi ilikuwa na wenyewe. San Francisco ilikuwa hata na mpango mkononi, ule wa mpangaji miji Daniel Burnham wa 1905. Tetemeko na moto vikaja 1906, na wenye viwanja wakarudi kujenga kwenye mistari waliyoizoea. Kama moto ulishindwa kuhamisha barabara, kujaa kwa watu kutazihamishaje? Kujaa ndiko kunakozifunga kabisa, kwa sababu kila kiwanja kinachopata mtu kinapata pia hati, ukuta, bomba la maji na mpiga kura.

Chukua nyumba mbili zilizopeana migongo, katikati ukuta mmoja. Wa huku anasikia redio ya wa kule. Kila mmoja anakaa mwisho wa njia isiyotokea, na kila njia inamwagikia barabara kuu ya upande wake. Kwenda kubisha hodi kwa jirani huyo kunaweza kuwa mwendo wa kilomita nzima na zaidi. Kuwaunganisha kunataka ukanda wa mita tatu tu. Nani atautoa? Hao wa mwisho wa njia walilipia utulivu wa kutopitwa na watu, kwa hiyo ndio watakaokuwa wa kwanza kupinga, na ningekuwa mimi ningepinga pia. Na ule mstari wa nukta nukta ulioandikwa “barabara ya baadaye” ndani ya kiwanja cha mtu si barabara. Ni mahali patakapojengwa banda.

Mawili ya haraka. Muunganiko, yaani jinsi njia zinavyoshikana, hauhusiani na unyoofu. Kuupima tunahesabu matawi kwenye kila makutano: njia panda ya pande nne ni 4, ya pande tatu ni 3, mwisho usiotokea ni 1, kisha tunatafuta wastani; ukiwa mkubwa, mitaa imeungana zaidi. Njia zilizopinda zinaweza kuunganika vizuri, na zilizonyooka kama rula zikaishia ukutani. La pili, msongamano si muunganiko. Maghorofa kumi ndani ya uzio wenye geti moja ni watu wengi wenye mlango mmoja.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. Mwaka 2015 Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha utafiti wa mitaa ya Marekani kuanzia 1920 hadi 2012. Walionyesha kwamba kutawanyika kwa mitaa, yaani kujengwa bila kuungana, kulipanda hadi kufika kileleni mnamo 1994, kisha kukaanza kushuka. Kwa kipimo cha wastani wa matawi, kulipungua kwa takriban asilimia 9 hadi 2012. Watu wanalisoma hilo na kupiga makofi: mnaona, miji inajiponya! Hapana. Kilichobadilika ni mitaa mipya. Ile iliyojengwa miaka ya 1960 na njia zake zisizotokea ipo vile vile, hakuna aliyeigusa. Ukimimina vijiko vichache vya maji matamu kwenye pipa la maji ya chumvi, huwezi kusema chumvi imetoka. Kila mwaka kinachoongezwa ni kidogo mbele ya kilichokwisha kujengwa, na ndiyo maana wastani wa mji mzima husogea kwa kujikokota hata pale wapangaji wanapokuwa wamebadilika kabisa.

Tena utafiti huo huo unasema jambo ambalo wapiga makofi hulipita: mahali palipoanza na muunganiko duni huelekea kubaki hivyo hata mtandao unapozidi kupanuka. Si ajabu. Mtaa mpya lazima ushikane na kitu, na mtaa jirani uliojengwa bila pa kutokea hauuachii mtaa mpya pa kushika. Unabaki na mdomo mmoja tu kwenye barabara kuu, nao unamrithisha jirani atakayefuata ugonjwa ule ule.

Na kabla hujalitupia gari lawama zote, takwimu hizo zinaonyesha kutawanyika kulianza kabla magari binafsi hayajatawala. Sheria na mitindo vina sehemu yake. Radburn, mtaa wa kupangwa huko New Jersey, Marekani, ulipoanza 1929, ulikuwa na njia fupi zisizotokea kwa magari, lakini nyuma ya nyumba palikuwa na njia za miguu, bustani, na hata kivuko chini ya barabara. Walioiga wakachukua njia zisizotokea, wakaacha za miguu. Wameiga kufuli bila ufunguo.

Mashaka ninayo. Mtaa haukuandikwa tarehe ya kuzaliwa. Mara nyingi tunaikisia kwa umri wa nyumba zilizo kando yake, au kwa picha za setilaiti zinazoonyesha ardhi ilijengwa lini, na barabara ya shamba iliyotangulia nyumba kwa miaka hamsini huhesabiwa kuwa changa. Ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa mtandaoni na watu wa kujitolea, nazo hukosa vichochoro vingi, hivyo mtaa unaopitika vizuri kwa miguu unaweza kuonekana umekufa. Na kwamba wakazi wa mitaa iliyounganika hutembea zaidi kwa miguu, sawa, lakini wapenda kutembea nao huchagua kuhamia huko. Sijaona aliyeutenganisha uzi huo nikaridhika.

Kanuni hufanya kazi zaidi zinapobana mapema. Mwaka 2009 jimbo la Virginia lilitoa masharti: mitaa mipya isiyoungana vya kutosha na majirani, jimbo halitaipokea kuitunza. Kwa mjenzi, hilo ni suala la fedha, tena kabla bikoni hazijapigiliwa. Haikuchukua miaka mingi masharti yakalegezwa, na kila mtaa uliopitishwa baada ya hapo sasa una wenyewe.