Reservoir Dogs haikuvuma kwenye kumbi za Marekani

Kwa miaka mingi tumesikia kwamba Reservoir Dogs, filamu huru (iliyotengenezwa nje ya studio kubwa) iliyomtambulisha mwongozaji Quentin Tarantino, ilijaza kumbi za Marekani tangu siku ya kwanza. Sivyo. Ilitoka Oktoba 1992, ikaonyeshwa kwenye kumbi chache mno na kukusanya dola milioni 2.8 hivi. Kuitengeneza kuligharimu kama milioni 1.2, lakini hapo usiharakishe kuhesabu faida. Pesa ya tiketi haimfikii mtayarishaji yote: mwenye ukumbi hukata fungu lake, mara nyingi karibu nusu, kisha msambazaji hujirudishia gharama za nakala na matangazo.

Ilikotamba hasa ni Uingereza, ambako iliingiza pauni milioni 6 hivi. Bodi ya ukaguzi ya huko ilichelewesha kibali cha video hadi 1995, basi aliyetaka kuiona alikwenda sinema.

Huko Marekani, filamu hii ilijengewa jina na kanda za video za VHS. Mtu aliikodi Ijumaa, akairudisha Jumatatu, na tayari keshamsimulia jirani. Pulp Fiction, filamu ya Tarantino iliyofuata, iliposhinda kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1994, wengi zaidi wakaitafuta ile ya kwanza rafuni.