Chembe za fedha haziuzibi utando wa plastiki

Wengi wanaoanza kazi ya tando za vifungashio huamini kwamba chembe nano za metali, yaani punje ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), zikichanganywa kwenye polima, yaani dutu inayounda plastiki, gesi itakosa pa kupita, kwa kuwa metali yenyewe haipitishi hewa. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoketi kupiga hesabu.

Oksijeni haipiti kwenye plastiki kama maji kwenye chujio. Mwaka 1866 Thomas Graham, akichunguza mpira, alieleza kwamba gesi huyeyuka kwanza katika uso wake, husambaa ndani taratibu, kisha hutokea upande wa pili. Kwa hiyo chembe ya metali hupunguza plastiki ya kuyeyukia na kuilazimisha molekuli izunguke, na kuizunguka tufe ni safari fupi. Kwa mlinganyo wa Maxwell, unaokadiria jinsi chembe zilizotawanyika zinavyobadilisha upenyezaji (wepesi wa gesi kupita), chembe za mviringo zilizochukua asilimia 5 ya ujazo huupunguza kwa takriban asilimia 7 tu. Ukubwa wa chembe haumo hata katika mlinganyo huo, hivyo unano peke yake hausaidii kitu. Ujazo uleule ukifanywa vibamba ambavyo upana wake ni mara 100 ya unene, vikalala sambamba na uso wa utando, mlinganyo wa Nielsen, unaofanya makadirio hayo kwa vibamba, hutoa punguzo la zaidi ya asilimia 70.

Hayo ni makaratasi. Chembe za fedha hupenda kushikana, na polima isipoukumbatia vizuri uso wa metali, pembeni hubaki nafasi tupu ambazo gesi huzifanya njia ya mkato, hata utando wenye metali nyingi ukavuja kuliko plastiki isiyotiwa kitu. Kabla ya kuuweka kwenye mashine ya kupima upenyezaji huuinua utando dirishani: umanjano uliotulia kote unaniambia chembe zimetawanyika, mabaka ya kijivu yananiambia zimeganda mabonge.

Pakiti ya krispi hufuata njia nyingine, kwani alumini hupakwa juu ya plastiki ndani ya ombwe (chumba kilichoondolewa hewa), tabaka la makumi ya nanomita tu. Ukiipasua na kuitazama dhidi ya taa, utaona vitobo vidogo vinavyong'aa, hasa palipokunjwa, na hivyo ndivyo huamua oksijeni ipite kiasi gani.

Chembe za chuma, kwa upande wake, haziizuii oksijeni bali huila: gramu 1 ikigeuka kutu yote hufunga takriban mililita 300. Zinahitaji unyevu ili zifanye kazi, ndiyo maana utando wa namna hiyo hutunzwa pakavu, usije ukamaliza akiba yake ghalani kabla ya kufungia chochote.